Dizeli Haikushuka

Zagayu, Bariadi
Mchana, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Kabula,

Barua ya mzazi huanza kwa kuuliza afya, lakini afya yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko jikoni na mama yako mnafungasha michembe ya viazi vikavu na karanga za njiani, mnacheka. Ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kuficha nauli na ya kutokaa karibu na mlango wa treni, mama yako amekwisha kukwambia mara nyingi. Mimi sina la kuongeza hapo. Barua hii nitaitia chini ya nguo zako, uikute Morogoro ukishafika chuoni. Ningeweza kukuita nikwambie kwa mdomo. Nimejaribu tangu barua ya chuo ilipokuja, na kila nikijaribu naishia kukuuliza kama baiskeli ina upepo.

Ni habari ya Limi, binti wa Masunga. Uliacha kuniuliza habari zake ulipokuwa kidato cha pili. Nilifurahi ulipoacha, na leo naona aibu kwa furaha ile.

Unakumbuka trekta lilivyofika kwetu. Miaka mingi nililiendesha likiwa la chama cha ushirika. Chama kilipoishiwa nguvu, mali zake zikauzwa, nami nikatoa ng'ombe wangu karibu wote nikalichukua. Wazee walisema nimepata wazimu, kubadilisha ng'ombe kwa chuma. Lakini ulikuwa wakati ambao kila mtu aliambiwa afanye biashara yake mwenyewe. Madukani vitu vilikuwa vimerudi, sukari, sabuni, kanga, na sisi tulioishi miaka ya foleni tuliona kwamba mwenye akili hatakosa. Mimi nilijiona mwenye akili. Nilikuwa na trekta, na nilikuwa na redio ambayo haikukosa betri.

Kisha kule Uarabuni nchi moja ikaivamia jirani yake, na mataifa makubwa yakaanza kupeleka majeshi. Mlikuwa darasa la sita, wewe na Limi. Hapa petu hakuna aliyeijua nchi hiyo hata kwa jina. Lakini dizeli ilipanda. Kituo cha mafuta cha Bariadi kilikuwa na kibao cha bei ya serikali, ila pampu zake zilikuwa kavu. Dizeli ilikuwa kwa wafanyabiashara, kwenye mapipa nyuma ya nyumba, kwa bei ya mwenye pipa. Ukiuliza kwa nini imepanda, jibu lilikuwa moja: vita.

Basi nikawa mtaalamu wa vita. Jioni watu walikuja kusikiliza taarifa ya habari, na taarifa ikiisha walinigeukia mimi, kana kwamba mtangazaji alinipa neno la pembeni. Niliwaeleza habari za majeshi, za meli, za wakubwa wanaokutana Ulaya. Nilitaja majina ambayo mimi mwenyewe sikuyashika vizuri. Watu walitikisa vichwa. Mwanangu, mtu akisikilizwa namna ile kila jioni hunenepa kichwa, na mimi nilinenepa.

Masunga alikuja mwanzoni mwa mvua za vuli. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Kiangazi kile ugonjwa wa ndigana ulikuwa umewaua maksai wake wote wawili waliokuwa wakivuta plau. Alikuwa ametunza fedha kidogo za pamba ya mwaka uliopita, na alitaka kujua azitumie vipi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mzee mwenye maksai wa kukodisha, aliyekuwa tayari kumlimia juma lile lile.

Alinikuta nikipaka grisi.

"Mwangaluka, Baba Kabula."

"Mwangaluka. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nimekuja nikuulize. Wewe una redio." Akachuchumaa. "Hii vita, wanasema ikiisha mafuta yatashuka. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Itaisha lini?"

Hapo, Kabula, ndipo nilipopaswa kusema sijui. Ni neno fupi. Badala yake nikafuta mikono, nikasimama kama mwalimu mbele ya darasa.

"Haitapigwa hata kidogo," nikamwambia. "Wanatishana tu. Kabla ya Krismasi watakuwa wameelewana, na dizeli itarudi pale ilipokuwa. Subiri, nikulimie shamba zima kwa nusu ya gharama."

"Mzee wa ng'ambo anasema niende sasa hivi, la sivyo anampa mwingine."

"Maksai wake wamekonda. Watakukwaruzia ardhi tu, magugu yatarudi. Subiri trekta."

Mama yako alikuwa anaanika mtama karibu. Masunga alipoondoka akaniuliza, "Umemwambia asubiri nini?"

"Vita viishe."

"Na mvua je, nayo itasubiri?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mambo ya dunia hayajui. Akaendelea na mtama wake.

Sasa nikuandikie lile ambalo hata mama yako nilimficha miaka yote. Mimi sikuwa na uhakika wowote. Na hao maksai hawakuwa wamekonda. Niliwaona juma lile, walikuwa wanang'aa. Nilimwambia Masunga asubiri kwa sababu nilijua kwamba akienda kwa mwenye maksai, sitampata tena, wala jirani zake waliokuwa wakimtazama yeye kwanza. Kwa bei ile ya dizeli hakuna ambaye angeniita nimlimie, na trekta langu lingekaa msimu mzima kama kaburi. Nilihitaji watu wangoje pamoja nami. Vita vya watu wengine vikanipa maneno ya kuwazuia.

Krismasi ikapita. Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule, na mashamba ya walioanza mapema yalikwisha kuwa kijani. Masunga alipita kila baada ya siku mbili au tatu. Hakuniuliza tena kwa mdomo. Alisimama kidogo, akaitazama redio, akaenda zake.

Januari vita vikaanza kweli, kwa ndege. Na siku ile ile, ajabu, redio ikasema bei ya mafuta huko duniani imeanguka. Nilikimbia mwenyewe hadi kwa Masunga. Nilimkuta na Limi, wanapalilia viazi nyuma ya nyumba.

"Umesikia? Imeshuka!"

"Bariadi?"

"Duniani."

Limi ndiye aliyeuliza, "Sasa baba, itachukua siku ngapi kufika hapa?" Aliuliza kama mtoto anayefanya hesabu ya basi linalotoka Mwanza. Alikuwa hodari wa hesabu, unajua. Nikamwambia siku chache.

Haikufika. Nilienda Bariadi na madumu yangu na kukuta bei imepanda tena. Safari hii sikuwa na la kungoja. Nikanunua kwa bei ile, nikarudi, nikaingia shambani kwa Masunga. Lakini shamba lake ni mbuga, ule udongo mweusi. Mbuga hulimwa mvua za kwanza zikishailainisha kidogo. Ikishakunywa mvua ya miezi miwili inageuka gundi. Trekta lilizama mpaka kwenye ekseli. Siku tatu tulichimba na kutandika matawi, Masunga, mke wake, Limi na mimi. Limi alikosa shule siku hizo. Wewe ulimletea daftari lako anakili, nakumbuka, na ulirudi umepakaa tope mpaka kwenye nywele.

Tulilima kipande. Pamba na mahindi vikapandwa wakati wenzake wanapalilia mara ya pili. Mahindi yalitoka, yakafika magotini, mvua ikakata. Pamba iliweka vitumba vichache na funza wakaingia. Siku ya kuvuna nilipita mbali, kule kwenye njia ya mto, ili nisisalimiane nao.

Lakini kabla ya mavuno vita vilikwisha. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, na nakumbuka kanisani tuliomba sala ya shukrani. Nilitoka pale na matumaini kabisa. Nikajiambia, angalau neno langu litakuwa kweli hata kama limechelewa. Jumatatu nikaenda Bariadi kwa yule mwenye mapipa.

"Vita vimekwisha," nikamwambia.

"Nimesikia. Tumshukuru Mungu."

"Na bei?"

"Bei ipi?"

"Ya dizeli. Si ilipanda kwa ajili ya vita?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau. "Nani alikwambia hivyo?"

"Wewe. Hapa hapa."

"Ah. Ni kweli, wakati ule ilikuwa vita." Akaegemea pipa. "Sasa hivi ni shilingi. Shilingi imeshuka. Halafu hii niliyonayo niliinunua ghali, siwezi kuiuza rahisi. Halafu barabara, lori lilikwama siku mbili. Ngoja mzigo mpya."

Mzigo mpya ukaja, nao ukawa na sababu yake. Nimeishi muda mrefu na mambo haya sasa, Kabula, na nimeliona jambo moja ambalo sikulisikia redioni. Bei inapopanda huletwa na habari kubwa, watu wote wanaisikia na kuikubali. Inapotakiwa kushuka, hakuna anayejua mlango wa kugonga. Yule wa Bariadi anamtaja wa Mwanza, wa Mwanza anamtaja wa Dar es Salaam, wa Dar es Salaam anazitaja pesa za kigeni. Labda kila mmoja wao anasema kweli kidogo. Sijui. Ninachojua ni kwamba hata kama vita vile vingeisha asubuhi ile Masunga aliponikuta nikipaka grisi, dizeli isingekuwa imeshuka kabla mbuga haijalowa. Nilimwambia angoje kitu ambacho hakikuwa njiani.

Mwaka ule kwa Masunga palikuwa na njaa. Uliona mwenyewe, maana Limi alikuwa akila kwetu mkitoka shule, na mama yako alijifanya amepika kupita kiasi. Ng'ombe waliobaki wakauzwa mmoja mmoja kwa ajili ya mahindi. Mlifanya mtihani wa darasa la saba mkiwa mnachangia kalamu.

Majibu yalipokuja ulikuwa Nyashimo kwa bibi yako. Mwalimu mkuu alituita mimi na Masunga ofisini, akatupongeza kwa mkono. Shule yetu ilikuwa imetoa wawili wa kwenda sekondari. Wewe na Limi.

Ndiyo. Limi alifaulu. Uliporudi nilikwambia hakuchaguliwa. Ulikataa kuamini, ukasema, "Haiwezekani, yeye ndiye anayenifundisha mimi." Ulilia siku mbili ukidhani serikali imekosea. Haikukosea. Masunga alituomba, mimi, mama yako na mwalimu, tuseme hivyo, kwa sababu alikwisha kukubaliana na watu wa kijiji cha Kimali. Walikuwa na ng'ombe, na walikuwa wanatafuta mke kwa mtoto wao. Alisema Limi asipojua kuwa alifaulu haitamuuma. Mama yako alikataa kusema uongo ule, akanyamaza tu. Mimi niliusema kwa sauti yangu.

Na nilikaa katika baraza la wazee siku ng'ombe wa mahari walipoletwa. Masunga aliniomba niwepo kama jirani. Nikawakagua ng'ombe, nikawasifia, nikala nyama. Kati yao walikuwapo madume wawili vijana, wenye mabega. Msimu uliofuata Masunga aliwafunga nira. Ndivyo alivyopata maksai wake tena. Kila nikiwaona wanavuta plau shambani mwake, Kabula, nageuza uso.

Wewe ukaenda kidato cha kwanza. Ada yako ilitoka kwenye trekta hilo hilo.

Huenda unaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba Masunga ni mtu mzima, aliamua mwenyewe. Kwamba ndigana ndiyo iliyoua maksai, si mimi. Kwamba wengine nao walisema vita vikiisha bei itashuka, hata watu waliosoma. Yote haya ni kweli, na nimeyatumia miaka mingi, mpaka barua yako ya chuo ilipokuja. Imeandikwa kwamba utasomea kilimo. Maana yake watu kama Masunga watakuja kuchuchumaa mbele yako na kukuuliza, na watafanya utakavyosema.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Masunga kwanza. Nilimkuta anafunga mifuko ya pamba. Siku hizi wanunuzi ni wengi, kila mmoja na mzani wake, na alikuwa akibishana na mkewe wampelekee yupi. Nikamweleza yote, hata ya kwamba maksai wa ng'ambo walikuwa wamenona.

Aliendelea kufunga kamba. "Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ulikuwa unanitajia hao wakubwa wa Ulaya, huku mkono wako uko juu ya trekta."

"Sasa mbona ulingoja?"

Akakaa juu ya mfuko. "Nilitaka iwe kweli, Baba Kabula. Nilitaka shamba zima. Ningemwuliza mtu mwingine angeniambia nilime nusu." Akakaza fundo la mfuko, akasema, "Limi ndiye sikumwuliza."

Hakunifukuza, wala hakunipa mkono. Nilipoinuka, mke wake akaniletea maji ya kunywa, kama mgeni wa kutoka mbali.

Nikaenda Kimali. Mama yako alikwambia nimekwenda kutafuta vipuri; mimi ndiye niliyemdanganya hivyo. Siku nzima kwa baiskeli. Limi ana watoto wawili. Mume wake si mtu mbaya, alinikaribisha vizuri, akanionyesha njia ya shambani. Limi alikuwa akipalilia pamba. Amekuwa mrefu, Kabula, na amekonda usoni, lakini ni yule yule. Aliniamkia kwa magoti, pale pale kwenye matuta.

Nilimwomba aketi. Akasema kazi haijaisha, niseme tu, masikio yanasikia. Basi nikamfuata tuta hadi tuta nikimweleza, kama mtoto anayemfuata mama yake. Nilipofika kwenye majibu ya mtihani, jembe lilisimama.

"Nilifaulu?"

"Ulifaulu."

"Mimi na Kabula?"

"Nyinyi wawili tu."

Aliinama, akang'oa jani moja, akalitupa. Nilingoja alie, au anitukane, ningefurahi angenitukana. Badala yake akaniuliza, "Hivyo vita vilikuwa vya nini?"

Nikaanza kumweleza. Nchi ile na jirani yake, visima, mipaka. Nilisikia sauti yangu ya zamani ikirudi, ile ya mbele ya redio, nikanyamaza katikati.

"Na vilikwisha?"

"Vilikwisha zamani. Wewe ulikuwa bado darasa la saba."

"Dizeli ilishuka?"

"Haikushuka."

Akaendelea kupalilia. Jua lilikuwa kali na mtoto wake mdogo alikuwa amelala kivulini kwenye kanga. Mwisho nikamwambia kwamba unaondoka kwenda chuo cha kilimo, na kwamba nataka nikuandikie haya yote, ila sitaandika asiponiruhusu, kwa sababu ni yake kuliko yangu.

"Mwandikie," akasema. "Nilidhani anajua njaa yetu ilianzia wapi. Nilidhani ndiyo maana haji."

Ninyi wawili mliachana kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyegeuza uso.

Nilimwuliza kama ana ujumbe. Alifika mwisho wa tuta, akageuka, akaanza lingine, ndipo akasema, na ninaandika kama alivyosema, sikuongeza kitu:

"Asije sasa. Akija sasa tutalia tu, na mimi nina palizi. Aje akiwa bibi shamba. Nina mambo mengi ya kumwuliza, hawa funza, na hii mbegu mpya wanayotuletea. Nikimwuliza jambo asilolijua, aseme hajui. Mwambie hivyo. Nimechoka na watu wanaojua."

Ni mimi baba yako,
Maduhu